Jibu: Tope la chokaa likigeuka waridi, je, kuna chokaa iliyobaki?

Asalaam aleikum ndugu. Nimekuelewa hivi: mumeletewa hapo maabara tope la chokaa la kiwanda cha karatasi, yaani mashapo yanayobaki chokaa ikichanganywa na magadi soda ili kupata kostiki soda, ukalidondoshea fenolfthalini, dawa inayogeuka waridi penye alkali, likawa waridi, nawe wasema kuna chokaa iliyobaki bila kuungana na hayo magadi. Rangi hiyo haitoshi! Kostiki soda iliyonasa kwenye tope huileta vilevile. Mapovu ya asidi nayo hayakusaidii, kwani karibu tope zima ni kalsiamu kaboneti.

Lioshe kwanza kwenye karatasi ya kuchujia, kwa maji yaliyochemka yakiwa bado moto, kidogo kidogo. Ya baridi yataiyeyusha chokaa zaidi, uimwage ile ile unayoitafuta.

Kisha sukari, hii nyeupe ya dukani yafaa. Yeyusha gramu 40 upate mililita 100, uondoe uasidi wake kwa tone la kostiki soda. Tia gramu 2.804 za tope kavu, ziba, tikisa dakika 15. Sukari huivuta chokaa, kaboneti huiacha. Dondoshea fenolfthalini, kisha pima kwa kutia tone kwa tone asidi ya haidrokloriki ya 0.1 N (N, yaani normal, ni kipimo cha nguvu ya asidi): kila mililita 1 ni asilimia 0.1 ya chokaa. Simama waridi inapotoweka mara ya kwanza. Ikirudi polepole, usiifuate.

Hukusema sampuli ilisafiri kwenye chombo gani. Kama kilikuwa wazi, hewa ishageuza sehemu ya chokaa kuwa kaboneti, na jibu litakuja chini ya ukweli. Agiza nyingine, chupa ijazwe mpaka shingoni. Waulize pia kama tope lao latuama polepole. Chokaa ikizidishwa, hiyo ndiyo dalili yake.