Mkuu, usilipe hiyo nyumba mpaka ulale humo Jumamosi usiku

Usilipe. Umesema Jumatatu unakwenda kukabidhi kodi ya mwaka mzima kwa nyumba ya Bagamoyo ili ukamalizie riwaya yako kwa utulivu, na hela ni ya mkopo wa Saccos. Nimesoma bandiko lako tumbo likaniuma. Hayo maneno yako, "nimeiona, pametulia mno, hata ndege hawasikiki", ni yale yale niliyoyasema mimi kwenye kibaraza cha nyumba ya Kigamboni huku namshika dalali mkono kwa furaha.

Nijibu kitu kimoja. Siku uliyoiona hiyo nyumba, umeme ulikuwepo?

Cheka tu. Hilo swali mimi sikuuliza, na likanila Sh 3,250,000, riba ya mkopo sijaiweka.

Nilionyeshwa nyumba yangu mwishoni mwa 2023. Waliokuwa Dar wanakumbuka hali ilivyokuwa, mgao wa umeme kila kona. Dalali alinipeleka Jumanne saa nne asubuhi. Vyumba viwili, kibaraza, mwembe, kule mbele lami inapoishia. Kimya. Nikakaa pale kibarazani nikatega sikio, nikasikia upepo na kuku mmoja. Dalali akauona uso wangu akajua kazi imekwisha. "Kaka, huku hata mbwa wanabweka kwa adabu." Kodi laki mbili na nusu kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya mwaka, dalali anataka ya mwezi mmoja kama chake, na alikuwa ameshanikata elfu ishirini ya kunizungusha tu. Nilikuwa nimeomba likizo bila malipo kazini, moyo uko juu, najiona mwandishi kabisa. Nikalipa siku hiyo hiyo.

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, mkuu. Mtaa mzima ulikuwa umenyamazishwa.

Nyuma ya ukuta kuna yadi ya tofali. Ile mashine ya mtetemo niliiona kwa macho yangu imefunikwa turubai, nikadhani ni trekta bovu la mtu. Kulia kuna fundi anachomelea mageti na kukata vyuma. Siku ile alikuwa amelala kwenye benchi, nikamsalimia, akanijibu vizuri sana, mtu mpole. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda kilichofungwa nikadhani ni duka la soda. Baa, ile. Ina spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu, nazo zimeelekezwa kwenye dirisha la chumba nilichokichagua kiwe cha kuandikia kwa sababu, nanukuu dalali, kinapata hewa.

Nilihamia, na siku umeme uliporudi nikiwa mezani ndipo nilipojua nimenunua nini. Mashine ya tofali haisikiki kwa masikio tu. Inapanda kwa sakafu, inaingia kwenye miguu ya meza, kikombe cha chai kinatembea chenyewe. Nikajaza pamba masikioni, mtetemo ukapitia kwenye viwiko. Inaanza saa moja asubuhi na kuisha jua linapozama. Akipumzika wa tofali, fundi anakata nondo. Akimaliza fundi, baa inafungulia singeli. Jumamosi ya kwanza kulikuwa na kigodoro hatua chache kutoka mlangoni kwangu, wamekesha mpaka adhana ya alfajiri. (Ya ibada siyasemi, hayo nimekua nayo na wala hayanikatizi. Asikuambie mtu.)

Sasa sikiliza kichekesho chenyewe. Kwa kuwa mgao ulikuwa bado upo, nilikuwa nikipata saa chache za ukimya kila umeme ulipokatika. Nikaanza kuupenda mgao. Watu wanalalamika nyama zinaoza kwenye friji, mimi nasugua mikono. Laptopu yangu ilikuwa kuukuu, betri haimalizi hata sura moja, basi nikanunua kaunta buku nikawa naandika kwa kalamu karibu na dirisha. Nadhani nilikuwa mtu pekee nchini aliyekuwa akiomba dua umeme usirudi. Kurasa zilienda, sikatai.

Halafu Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ukaingiza umeme kwenye gridi, megawati 235, na muda si mrefu mgao ukawa hadithi. Nchi inashangilia. Nami ni mzalendo, nilishangilia mchana. Usiku nikasoma kwamba mitambo yote itakuwa tisa, jumla megawati 2,115, nikajaribu kupiga hesabu hizo ni tofali ngapi.

Riwaya ikafia sura ya nne. Mhusika wangu mkuu alikuwa amesimama mlangoni anataka kubisha hodi, na hapo mlangoni alikaa miezi.

Nikamfuata mwenye nyumba anirudishie hata nusu. Mzee wa watu alinisikiliza, akanipa na kiti, akasema, "Mwanangu, ulitaka nyumba, nyumba nimekupa. Utulivu haumo kwenye mkataba." Nikaenda nikausoma mkataba. Kweli haumo. Nikaenda serikali ya mtaa, na pale nilikuta mtu anayejua mambo, akanieleza vizuri kwamba kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2015 chini ya sheria ya mazingira, na malalamiko yanaandikwa. Nikatoka nikiwa na fomu mkononi. Nje nikakutana na vijana wa tofali wanarudi kunywa uji, wananisalimia "shikamoo mwandishi". Fomu ile sikuijaza. Nani anafunga riziki ya vijana kumi ili mgeni mmoja amtoe mhusika wake mlangoni? Wao walikuwepo kabla yangu. Mimi ndiye niliyekuja kutafuta ukimya katikati ya mtaa unaojengwa, mahali ambapo kila kiwanja kinasubiri tofali.

Dalali nampa laana yake stahiki, alijua, yule. Alinipeleka saa ile makusudi, na nilipompigia baadaye akaniambia "si ungeuliza, kaka". Lakini kuna mtu aliyenikosesha kuliko dalali, na namwona huyo huyo kwenye bandiko lako, maana umeandika "nimefundishwa kwamba mwandishi lazima ajitenge na watu". Tulikuwa na mwalimu wetu wa uandishi kwenye kundi la WhatsApp, tunamlipa ada ya kozi, kila asubuhi anatuma sauti ya dakika saba. Kujitenga. Upweke mtakatifu. Huwezi kuzaa kazi kubwa katikati ya kelele za dunia. Sauti zenyewe, ukizisikiliza vizuri, kuna honi za bodaboda nyuma na mtoto analia. Hajatoa kitabu. Hata kijitabu cha vitendawili hajatoa. Nilipomweleza yaliyonikuta akaniambia labda sikujitenga vya kutosha, nijaribu Lushoto. Kwa hela ya nani?

Marehemu Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa idara ya forodha ya serikali ya kikoloni tangu 1926 hadi 1944, akahamishwa huku na huko, ofisi na familia juu, na akaandika. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya mwaka 1969, miaka mitatu, mashairi akayaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Sikwambii ukafungwe. Nasema hao hawakuchukua mkopo wa Saccos.

Na hata huko kujitenga kwenyewe ni uongo wa picha. Mwanamume anayeshinda ndani peke yake mtaani kwetu hawamwachi hivi hivi. Wiki ya kwanza walidhani nimefukuzwa kazi, wakaniletea pole na mihogo. Baadaye wakasikia naandika, wakadhani ni wa magazetini. Hapo ndipo nilipokoma. Kigamboni na migogoro ya viwanja unaijua. Mzee anakuja na bahasha ya karatasi za tangu enzi za Mwinyi, anakaa, anataka habari yake itoke. Utamwambia nini? Nimeandika barua za viwanja nyingi kuliko sura za riwaya, na mbili zilifanikiwa, wenyewe waliniletea kuku.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii moja, nami nitaisema mpaka wanitoe jukwaani: LALA HUMO JUMAMOSI USIKU, UMEME UKIWEPO, KABLA HUJATOA HATA SHILINGI YA KODI.

Mwambie dalali unataka usiku mmoja. Mpe mwenye nyumba elfu ishirini au thelathini za huo usiku, beba mkeka, neti na maji. Ukifika bonyeza swichi kwanza. Taa isipowaka, rudi siku nyingine, hujaona nyumba. Ikiwaka, lala, na Jumapili usiondoke mapema. Halafu nenda tena siku ya kazi saa tatu asubuhi, kaa kwenye chumba utakachoandikia, weka glasi ya maji juu ya meza uiangalie. Kisha mtafute mama ntilie wa karibu ule kwake, umuulize anapika wali kilo ngapi mchana. Akisema kilo moja, vizuri. Akisema sufuria mbili kubwa na bado hautoshi, basi kuna vijana wa kazi wengi hapo jirani ambao dalali hajakutajia. Huyo mama hana sababu ya kukudanganya, na chakula utakuwa umekula.

Dalali akikataa kukuruhusu ulale, jibu umeshalipata bure.

Mtasema Bagamoyo si Kigamboni, huko mji mkongwe, bahari, magofu. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa, mkuu. Mimi naipenda ngoma, lakini ngoma inafanyiwa mazoezi kabla ya onyesho, na tena na tena. Sijui nyumba yako iko upande gani. Ndiyo maana nasema ulale.

Yangu iliishaje? Miezi iliyobaki nilimpangishia yule fundi wa mageti, kwa nusu bei. Analala fofofo. Nami nikarudi kwetu Mbagala na kazini, nimenuna. Ila ukitoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni, unafika mjini ofisi hazijafunguliwa. Mlinzi akanizoea, nikawa namletea chai na chapati, ananifungulia. Kuanzia saa kumi na mbili mpaka wenzangu waanze kuingia saa mbili, jengo zima ni langu, umeme upo, na hakuna hata mtu mmoja duniani anayedhani niko mahali pa kufikika. Mhusika wangu alibisha hodi humo, kwenye meza ya masjala. Jumamosi naenda Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Ada yake ukilinganisha na kodi yangu ya Kigamboni ni aibu kuitaja. Watoto wa shule wanajisomea mitihani, na wakinong'ona ni mambo ya hesabu, hayanihusu.

Hivyo vyote nilivijaribu bure kabla ya kulipa, si unaona? Nililala kwanza. Yaani sikulala ofisini, unanielewa.

Naona uliuliza pia laptopu gani ununue, na kama usiku ni bora kuliko alfajiri, na mambo ya tuzo. Laptopu chukua yenye betri inayokaa. Hayo mengine wapo humu wanaoyajua, watakuja.

Leo Alhamisi. Mpigie dalali sasa hivi, mwambie keshokutwa unakuja na mkeka, kisha urudi hapa utuandikie amejibu nini.