Uzamili wa fedha za kwanti kwa aliyesoma biashara

SWALI: Nina shahada ya kwanza ya biashara, mchepuo wa fedha. Hisabati niliyosoma chuoni ni hisabati ya biashara na takwimu za utangulizi basi. Nataka kufanya kazi za kwanti, yaani kutumia hisabati na kompyuta kukokotoa bei na hatari za fedha. Shule moja ya biashara imenipa nafasi kwenye uzamili wa fedha za kwanti bila kuniuliza lolote kuhusu hisabati. Idara ya hisabati ya chuo kingine imenikataa, ikasema nirudi nikiwa na kalkulasi ya vigezo vingi na aljebra ya mstari. Nichukue hiyo niliyopata?

JIBU: Waliokukataa ndio waliokwambia ukweli. Huwezi kujifunza kalkulasi na huku unajifunza kukokotoa bei ya opsheni (haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa mapema), vyote ndani ya mwaka mmoja. Kozi isiyouliza hisabati yako ama itakuacha nyuma mapema, ama haina hisabati yenyewe. Kwako wewe nashuku hilo la pili.

Jina la kozi lisikubabaishe. Omba orodha ya masomo ya lazima. Yale ya kuchagua mara nyingi huwekwa kunogesha tangazo. Ukikuta fedha za makampuni, uchambuzi wa uwekezaji na somo moja la ekonometria (takwimu za kiuchumi), hiyo ni shahada ya fedha ya kawaida. Ukikuta kalkulasi ya stokastiki (ya mambo yanayobadilika kwa kubahatisha), Monte Carlo (kukadiria kwa kuigiza matukio mengi ya nasibu kwa kompyuta), takwimu za mfululizo wa muda na kuandika programu kwa Python au C++, hiyo ndiyo unayoitafuta.

Nikuonyeshe pengo liko wapi. Modeli ya Black na Scholes ya mwaka 1973 huchukulia kwamba bahati nasibu iliyomo kwenye bei ya hisa hufuata mwendo wa Brown (mwendo wa kuyumba ovyo bila kukoma), tuuite W. Kwa kalkulasi ya kawaida, badiliko dogo la W² ni 2W dW. Kwa kalkulasi ya Itô, ndiyo hiyo ya stokastiki, ni 2W dW + dt, ambapo dt ni kipande kidogo cha muda. Hiyo dt ya ziada inatokana na (dW)², kitu ambacho kwenye kalkulasi ya kawaida tunakitupa kwa udogo wake. Hapa hakitupiki, kwa kuwa variansi (kipimo cha mtawanyiko) ya W hukua sambamba na muda. Mhadhiri atalieleza hili mara moja na kusonga mbele, na kila kinachofuata kinalitegemea. Kama limekupita, si kwamba huna akili. Kuna masomo matatu manne hujayasoma.

Jipime hivi: X inasambaa sawasawa kati ya 0 na 1, onyesha kwa intigrali kuwa thamani tarajiwa ya X² ni 1/3. Kisha eleza kwa nini matriki halali ya kovariansi (jedwali la jinsi hisa zinavyobadilika pamoja) haiwezi kukupa variansi hasi, hata ukichanganya hisa kwa uwiano wowote ule. La kwanza likikushinda, anza na kalkulasi. La pili likikushinda, aljebra ya mstari. Baada ya hapo nadharia ya uwezekano, ile inayotumia intigrali, halafu milinganyo ya difarenshali. Yasome mahali panapotoa mtihani na alama rasmi, maana kamati ya udahili itataka kuziona. Programu unaweza kujifunza mwenyewe.

Sasa, kwanti si kazi moja. Kwenye kukokotoa bei za opsheni utashindana na watu wa fizikia na hisabati, na biashara yako haitakusaidia sana. Hatari ya mikopo ni habari nyingine. Tangu Januari 2018, kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IFRS 9 inazitaka benki zinazoifuata zikadirie hasara kabla haijatokea: uwezekano wa mkopaji kushindwa kulipa, ukizidishwa kwa sehemu itakayopotea, na tena kwa kiasi kilichoko hatarini. Hapo anahitajika mtu anayejua kusoma mizania na mkataba wa mkopo, na hisabati yake ni takwimu zaidi kuliko Itô. Kama hiyo ndiyo kazi unayoiona, uzamili wa takwimu utakufaa kuliko kozi zote mbili ulizotaja, na hata hiyo ya shule ya biashara inaweza kutosha iwapo ekonometria yake ni nzito.

Kabla hujalipa ada ya kushikilia nafasi, iulize hiyo shule ya biashara wahitimu wake wanafanya kazi gani. Wakutajie vyeo; asilimia ya walioajiriwa haikwambii lolote. Halafu waombe wakuahirishie udahili kwa mwaka mmoja, na mwaka huo usome kalkulasi.