Nguo Ikishakatwa Itashonwa

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa mdogo wangu mmoja aliyeko Mwanza, yuko chuo mwaka wa mwisho. "Shikamoo dada. Nina ripoti ya utafiti, nilipewa miezi minne, mitatu imekwisha na sijaandika hata ukurasa mmoja. Kila siku nafungua kompyuta naishia kwenye simu. Wewe umewezaje?"

Marahaba mdogo wangu. Umeniuliza wakati mzuri, maana mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, nguo zote za Idd zilitoka dukani chungu cha 27, yaani siku ya 27 ya Ramadhani. Nguo 43, zimepigwa pasi, zimetundikwa, kila moja na jina lake. Saa kumi jioni nilifunga fremu nikaenda nyumbani kukunja sambusa na mama, na mama akaniuliza kama naumwa. Alishazoea usiku wa mwezi kuandama kuniletea futari dukani, miguu yangu iko kwenye cherehani na wateja sita wamekaa kwenye benchi wakininunia. Kwa hiyo nivumilieni, leo nitajisifu kidogo.

Lakini huwezi kunielewa bila kujua yaliyonikuta mwaka 2018.

Mama mmoja wa mtaani kwetu alikuwa anamuoza binti yake. Akaniletea lesi ya rangi ya zambarau, sare za akina mama 14 kwa ajili ya sendofu. Alikuja wiki tano kabla. Wiki tano! Akanipa nusu ya hela, akanipa na pakiti ya shanga za kudarizi shingoni. Nikachukua vipimo vya wote, nikaandika vizuri kwenye daftari, nikaiweka lesi juu kabisa kwenye rafu, ndani ya mfuko wake.

Ikakaa huko.

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu ukidhani nilikuwa nimelala utakosea. Nilikuwa bize kuliko fundi yeyote wa ule mtaa. Nilipanga uzi kwa rangi, kuanzia mweupe hadi mweusi. Nilitia mafuta cherehani zote mbili. Nilibadilisha zipu za sketi za shule kwa shilingi elfu moja moja. Nilikwenda Kariakoo mara tatu kutafuta uzi wa zambarau unaofanana sawasawa na ile lesi, na mara ya kwanza tu nilikuwa nimeshaupata. Jioni narudi nyumbani nimechoka kweli, mgongo unauma, na moyoni najiambia leo nimefanya kazi.

Mama wa watu akipita ananiuliza, "Fundi, tunaendeleaje?" Namjibu, "Tuko kwenye ovaloki, mama." Lesi haijatoka hata kwenye mfuko. Wiki iliyofuata nikamwambia zimebaki zipu tu. Mnajua jinsi sisi mafundi tunavyosemwa kwa uongo, basi mimi nilikuwa mmoja wa wanaofanya tusemwe.

Akaja Jumanne ya wiki ya shughuli, saa nne asubuhi, bila kupiga simu. Akaomba aone hata moja tu. Mimi nikaanza kutafutatafuta chini ya meza, yeye akanyanyua macho, akauona mfuko wake kule juu na fundo lile lile alilolifunga yeye mwenyewe. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alipanda kigoda akaushusha mwenyewe, akafungua, akahesabu vipande kimoja kimoja mpaka 14, akafunga tena. Kisha akaniambia, "Hela yangu." Na ile hela ilishaingia kwenye kodi ya fremu. Dukani walikuwepo wateja wawili, na binti niliyekuwa namfundisha kazi akawa anaangalia sakafu.

Lesi ikaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Akazimaliza kwa siku nne na usiku wake. Picha za sendofu niliziona kwenye simu ya jirani. Na kwa kuwa leo nasema ukweli wote, niseme na huu: zipu mbili za nyuma zilikuwa zimepinda, na shingo hazikuwa na shanga. Lakini zilivaliwa. Zangu hazikuwepo hata za kupinda.

Kwa miaka nilijiita mvivu. Mama naye hakuchoka kunikumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Lakini mvivu hafagii duka mara tatu kwa siku. Nilipokaa nikajichunguza nikakuta kwamba kushona hakujawahi kunishinda. Nikishakaa kwenye cherehani huwa sinyanyuki. Nilichokuwa nakikimbia ni mkasi. Miaka miwili kabla ya yale, niliwahi kukata lesi ya mteja nikageuza kipande cha nyuma, mbele maua yanaangalia juu, nyuma yanaangalia chini. Nikailipa yote kutoka mfukoni. Tangu hapo kila nikishika lesi ya watu viganja vinatoka jasho. Mshono ukiharibika unafumua. Kitambaa ukishakikata vibaya, hakuna kukirudisha.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujajitukana, tafuta mkasi wako ni upi. Sidhani kama unaogopa kuandika. Labda unaogopa msimamizi wako atasema mada haina maana. Labda hujaelewa swali la utafiti na unaona aibu kuuliza sasa, umebakiwa na mwezi mmoja. Sijui, wewe ndiye unayejua. Lakini kipo kitu kimoja unachokizunguka, na simu ni pahala pa kujificha tu, kama mimi na uzi wangu wa zambarau.

Dawa niliyoipata ni moja. Kitambaa kikiingia dukani leo, kinakatwa leo. Sisemi kinashonwa. Kinakatwa. Jioni kabla ya kufunga, kila kilicholetwa siku hiyo lazima kiwe vipande, vimeviringishwa pamoja na karatasi ya vipimo, vimefungwa kwa pindo. Ikiwa naogopa, nakata naogopa. Lesi nazikata asubuhi, kabla sijanywa chai na kabla wateja hawajaanza kuingia. Kesho yake ukikuta vipande mezani, mikono inajipeleka yenyewe. Nguo ikishakatwa itashonwa.

Simu inakaa kwenye droo ya vifungo mpaka adhuhuri. Hilo halina maelezo marefu.

Kingine ni hesabu ya muda. Nilisoma kuhusu watafiti watatu, Roger Buehler na wenzake, waliochapisha kazi yao mwaka 1994. Waliwauliza wanafunzi wa saikolojia watamaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Wastani wa majibu ukawa kama siku 34. Wakaulizwa tena, na mambo yote yakiharibika? Wakasema kama 49. Waliomaliza walitumia wastani wa siku 55 na ushei. Yaani hata walipojitabiria mabaya walijipendelea. Nilicheka, halafu nikaanza kujipima kwa saa ya ukutani. Gauni la bitana, ambalo maisha yangu yote nimesema ni kazi ya saa tatu, linakula saa tano na nusu. Miaka yote nilikuwa nikiwadanganya watu hata pale nilipodhani nasema kweli.

Na Idd ndiyo inaumbua kabisa, kwa sababu mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na hujui mpaka uandame. Mimi kila mwaka nilipanga kama vile ni 30 kwa hakika. Ukiandama wa 29 nimekwisha, siku niliyoitegemea haipo. Sasa hesabu zangu zinaishia chungu cha 27, na oda za Idd sipokei baada ya chungu cha 15, hata awe shangazi. Shangazi alinuna mwaka huu. Atapoa tu.

Ngoja niseme na hili hata kama mtakasirika. Sisi tumefanya inshallah kuwa kabati la kufichia uzembe. Mtu anakwambia "kesho, inshallah" huku moyoni anajua kesho hakuna kitu. Unamsingizia Mungu kitu ambacho hata hukukusudia kukifanya! Ukisema inshallah, uwe umeshanyanyuka, umeshashika mkasi. Watu wanafunga safari, wanapanda daladala mbili kuja kukusikiliza ukisema njoo Ijumaa. Muda wao nao ni mali. Kata kitambaa, ndugu yangu. Kata.

Hela ya yule mama niliilipa kwa mafungu mawili, nikampa mtoto wa jirani azipeleke. Tukikutana njiani tunasalimiana, yeye anaitikia vizuri tu. Ila ile pakiti ya shanga ilibaki kwangu. Siku ile hakuikumbuka, na mimi nilinyamaza. Iko kwenye droo ileile ninayowekea simu, naiona kila asubuhi. Jumamosi hii nafunga saa nane. Kwake ni mwendo wa dakika kumi, kwa hesabu yangu mpya nimeandika ishirini.