Ni "mare nostrum", si "mare noster"

Ndugu yangu, usipake rangi bado! Unataka "Bahari yetu" kwa Kilatini ubavuni mwa mashua yako hapo Malindi, na simu imekupa "mare noster". Kilatini nacho kina mambo ya ngeli: noster, nostra, nostrum, kama sisi na wetu, yetu, chetu. "Mare noster" ni sawa na kuandika "bahari wetu". Sahihi ni "mare nostrum".

Ila jina hilo lina historia. Warumi waliita hivyo Mediterania, Mussolini, dikteta wa Italia, akalidaka kwa tamaa zake za kutawala, kisha 2013 jeshi la majini la Italia likaipa jina hilo operesheni ya kuokoa wahamiaji. Na Waitaliano wa hapo Malindi watalisoma kabla hujatia nanga.

Afadhali wewe umeuliza. Kuna watu wamejichora tatuu "Illegitimi non carborundum" (eti "usikubali wanaharamu wakusage") wakidhani ni hekima ya kale, kumbe ni Kilatini cha mzaha; carborundum ni jina la kibiashara la kitu cha kusagia na kunolea chuma.

Mimi ningeandika Kiswahili tu.