Re: Panya weusi na weupe, ni spishi mbili?

Salama mkuu. Ngozi zako za panya wa jangwa la Chalbi zimepauka, za miamba ya Marsabit zimekoza, ukauliza kama ni spishi mbili. Usikimbilie hapo. Anza na meno, ujue umri: panya wachanga huwa na manyoya ya kijivu zaidi. Mimi huyapuliza manyoya karibu na dirisha, si chini ya taa, nione rangi ya ndani. Kisha peleka mafuvu Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi uyalinganishe. Rangi hudanganya: kule Marekani, panya mdogo wa miamba, Chaetodipus intermedius, ni mweusi kwenye lava ya Pinacate, Arizona, na hudhurungi kwenye mawe meupe ya jirani. Spishi ileile! Mwaka 2003 watafiti waliuhusisha weusi huo na mabadiliko katika Mc1r, jeni ya rangi ya manyoya, ila panya weusi wa New Mexico hawana mabadiliko hayo.