Usimwulize bibi alizaliwa mwaka gani

Ukitafuta historia ya ukoo wako, anza na maongezi. Huku kwetu Ugogo, upande wa Dodoma, Tanzania, wazee wengi hawakuandikwa popote walipozaliwa. Ukimwuliza bibi alizaliwa lini atakwambia "zamani", na maongezi yataishia hapo. Mwulize matrekta ya karanga yalipofika Kongwa yeye alikuwa akifanya kazi gani nyumbani. Hapo utasikiliza mpaka ng'ombe warudi zizini.

Mradi ule wa Waingereza wa kulima karanga ulianza 1947, ukavunjwa 1951. Bibi yangu alikumbuka kwamba wakati huo alikuwa akimbeba mdogo wake mgongoni mama yao akiwa shambani. Mtoto anayeachiwa mtoto mwenzake ana miaka sita, saba, hadi kumi hivi. Basi nikapata kipindi alichozaliwa, na pamoja nacho nikapata shamba, mdogo mtu na mama.

Nyuma zaidi ipo Mtunya, njaa iliyoipiga Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua mifugo, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Watu walikufa, wengine wakatawanyika kutafuta chakula. Kama katika ukoo wenu kuna mtu "aliyepotea", au kuna ndugu wa mbali ambao hakuna anayeeleza walifikaje huko waliko, ulizia Mtunya. Ulizia kwa upole. Kuna watoto walioachwa kwa wenye chakula, na wajukuu wao wapo hai. Huenda ni ninyi. Mzee akinyamaza, mwache, zungumzeni mengine.

Habari za namna hiyo mimi nilizipata kwa shangazi zake baba. Wanaume wa ukoo walinitajia mababu kwa mpangilio, na ng'ombe wa mahari wakawakumbuka vizuri sana, lakini nani alilelewa na nani, na kwa sababu gani, hilo lilikuwa kwa wanawake. Tena nendeni ninyi wajukuu, msiwasubiri wazazi wenu. Mjukuu ni mtani wa babu na bibi. Anaweza kuuliza jambo ambalo mtoto wa kumzaa haliulizi mbele ya mzazi wake.

Usishtuke ukiambiwa mwanzilishi wa ukoo alitoka Uhehe, Unyamwezi au Umasaini. Koo nyingi za Wagogo husimulia hivyo, na sioni kinachopungua kwa Ugogo wa mtu.

Karatasi zitafuata baadaye. Kama familia iliingia dini mapema, omba parokiani wakutazamie kitabu cha ubatizo, lakini uende na jina la nyumbani, jina la ubatizo na jina la baba, maana moja peke yake halitoshi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina majalada ya enzi ya Wajerumani na ya Waingereza. Usitarajie kumkuta babu yako humo kwa jina. Utakuta habari za eneo lake: kodi, njaa, watemi, mashauri ya ardhi. Ukishasikiliza wazee kwanza, majalada hayo yanasomeka kwa namna nyingine kabisa.

Jambo ambalo haliwezi kusubiri ni mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa. Operesheni Dodoma ya 1971 iliwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na makaburi yakabaki kule kwenye matembe, nyumba zetu za udongo zenye paa bapa, yaliyobomoka. Wanaoweza kuonyesha "hapa palikuwa na zizi, hapa amelala fulani" walikuwa vijana wakati ule, leo ni wazee wanaotembelea fimbo. Nenda na mmoja wao kiangazi, majani yakiwa yamekauka, tena asubuhi kabla ya jua kali. Chukua maji na chakula chake, omba ruhusa ya kumrekodi kwa simu, na mwenye shamba la sasa mpe taarifa mapema, asije akadhani mmekuja kudai ardhi.