Kabla hujapiga jipsam kwenye godauni la pamba

Kila nikiitwa kuangalia jengo la kiwanda kilichokufa hapa Mwanza, mwenyewe huwa ameshaamua mambo matatu: jipsam juu, vigae chini, madirisha ya alumini. Simlaumu, ndivyo tunavyojenga siku hizi. Lakini baada ya miaka ya kusimamia mafundi kwenye majengo ya aina hii, ushauri wangu ni kwamba hela hiyo itangulie kwenye paa na kwenye zege. Ikibaki, ndipo tuzungumze vigae.

Majengo yenyewe unayajua. Kanda ya Ziwa ina maghala na viwanda vya kuchambua pamba vya enzi za ushirika, tangu zama za lile shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria lililoundwa 1955, ambalo Paul Bomani alikuwa kinara wake. Baadaye vikaja viwanda vya nguo kama Mwatex. Nguzo na boriti za zege, kuta za kuziba tu zisizobeba mzigo, kimo kirefu, madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo. Urembo hakuna. Waliojenga walitaka mwanga, hewa, na sakafu ya kuhimili mashine na marobota. Hivyo ndivyo vitu unavyovilipia unapochukua jengo hili. Ukishapiga jipsam umeshaziba hewa na mwanga kwa mkono wako, halafu unaanza kutafuta viyoyozi.

Paa kwanza. Mengine yana paa la meno ya msumeno, vioo upande mmoja wa kila jino. Mtindo huu ulitoka nchi za kaskazini, ambako kioo kikitazama kaskazini jua haliingii. Sisi tuko kama nyuzi mbili na nusu kusini ya ikweta: Juni jua linapita kaskazini yetu, Desemba linapita kusini. Kwa hiyo kioo kitazame huku au kule, karibu nusu ya mwaka kitapigwa na jua. Usikizibe kwa bati kama nilivyoona wengi wakifanya. Weka kivuli nje ya kioo, maana joto likishapita kioo, pazia la ndani halisaidii sana. Kisha panda ukaangalie mfereji ulio kati ya jino na jino. Humo ndimo manyoya, majani na kinyesi cha ndege hujaa, maji yakakosa njia, yakashukia kwenye nguzo.

Sasa zege. Chukua nyundo ndogo, gonga nguzo kuanzia chini kwenda juu. Zege zima hulia kwa ukali. Lililoachia linalia kama debe tupu. Hapo bandua, utakuta nondo imevimba kwa kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana hulipasua zege kutoka ndani. Chanzo mara nyingi ni hewa ya ukaa inayopenya miaka na miaka, ikaua uchokaa unaoilinda nondo. Kuna dawa ya maabara iitwayo fenolfthalini: nyunyiza kwenye zege lililovunjwa muda huohuo, penye uzima panageuka waridi, palipochoka panabaki vilevile. Ni kipimo rahisi, na kinamaliza ubishi na fundi.

Fundi wa harakaharaka ataziba kwa mchanga na sementi, apake rangi, achukue chake. Usimruhusu. Egemeza boriti kwa nguzo za muda, tindua hadi nyuma ya nondo vidole vipite, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, ndipo uzibe. Nondo ikiwa imeliwa sana, mwite mhandisi.

Paa likiwa la asbesto, fundi yeyote asikate, asitoboe, asifagie vumbi lake likiwa kavu. Vumbi hilo huleta saratani ya mapafu. Shiti za paa hilo hulowanishwa, zikafunguliwa zikiwa nzima, zikafungwa kwenye nailoni nzito, na wanaozibeba wawe na kibali cha taka hatarishi.

Madirisha ya chuma usiyang'oe. Dizeli kidogo kwenye bawaba, subira, na mengi yanafunguka. Weka wavu, maana wadudu wa ziwani wakiona taa usiku unawajua.

Kuhusu matumizi, mfano ninaoupenda uko São Paulo, Brazili. Msanifu majengo Lina Bo Bardi alipopewa kiwanda cha zamani cha mapipa alikuta familia na watoto wameshakifanya uwanja wao. Hakuwafukuza. Alianza kazi 1977, akabandua plasta zege likaonekana, mabanda akayaacha wazi, na leo mahali hapo, kituo cha jamii kiitwacho SESC Pompéia, pana maktaba, karakana na ukumbi wa maonyesho. Kwetu, maseremala na mafundi cherehani wangefaa sana, kwa sababu sakafu iliyokunywa mafuta ya mashine haishiki vigae vizuri, na wao hawavihitaji. Anza na chumba kimoja kati ya nguzo na nguzo, pangisha, kodi yake itengeneze kinachofuata.

Hati na madeni ya kiwanja mwachie wakili. Ila kama jengo liko ufukweni, chukua futi kamba mwenyewe: sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nenda NEMC, taasisi ya taifa ya kusimamia mazingira, na vipimo vyako kabla ya kulipa hata malipo ya kwanza.